Supu ya mboga masika hii: boga, adesi, mchanganyiko au majimbi?

Ukisema supu, Unguja au Pemba, msikilizaji anaona bakuli la ng'ombe, kuku au pweza, ndimu pembeni na chapati mbili. Supu ya mboga tupu wengi wameiweka fungu moja na uji wa mgonjwa. Lakini masika yana hukumu yake. Kuanzia Machi hadi Mei, na zaidi Aprili, kuna siku mvua inapiga tangu alfajiri, bonde la Mwanakwerekwe limejaa maji, njia za ndani Pemba ni utelezi mtupu, mvuvi hakutoka na duka la nyama halikufunguliwa. Masika yakipita kinaingia kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi linavuma na jioni mtu anatafuta kanga ya kujifunika. Siku hizo roho inataka kitu cha moto, na jikoni kipo kilichopo tu.

Hapa nimeweka supu nne ambazo yeyote anayejua kukaanga kitunguu anaziweza: boga kwa tui la nazi, adesi, mchanganyiko wa mbogamboga, na majimbi kwa mchicha. Hakuna inayotaka mashine ya kusagia. Umeme wa siku ya radi hauna ahadi, kwa hiyo kila kinachopondwa hapa kinapondwa kwa mwiko.

Tunapima nini

Ubishi wa supu ipi tamu hauishi, maana kila mtu anatetea mkono wa mama yake. Mimi napima mambo matano. Kwanza viungo: vipo nyumbani au karibu, au mpaka uvuke maji? Pili moto na muda, kwa sababu mwenye mtungi wa gesi na mwenye seredani hawapiki siku moja ya masika kwa namna moja. Tatu shibe na afya. Nne walaji: nani amekaa mkekani leo, mtoto, mzee, mwenye presha, mwenye tumbo bovu? Tano, supu ikibaki itafika asubuhi bila kuchacha?

Bei sikuipa kichwa chake. Bei za masika zinapanda na kushuka na boti, nayo itajitokeza yenyewe tukisema habari za viungo.

Zinavyopikwa

Vipimo ni vya watu wanne wa njaa ya kawaida.

Boga: chukua kiasi cha kilo moja ya boga lililokomaa, limenye, likate vipande vidogo. Ikune nazi moja, kamua tui la kwanza, hilo kasimile, uliweke kando. Tia maji ya vuguvugu kwenye machicha ukamue tui jepesi la vikombe vitatu hivi. Boga, kitunguu maji kimoja, punje mbili za thomu na kipande cha tangawizi kilichopondwa vyote vichemke ndani ya tui jepesi mpaka boga livunjike lenyewe. Ponda kwa mwiko ubavuni mwa sufuria. Punguza moto, mimina kasimile, koroga bila kuacha mpaka ianze kufuka, epua. Ukiiacha itokote kwa nguvu tui linakatika, na supu iliyokatika tui inalika lakini haitazamiki. Malizia kwa pilipili manga. Mdalasini ni hiari, ila uwe na mkono mwepesi, na sukari isikaribie kabisa. Vikizidi hivyo umerudi kwenye boga la futari, na hicho ni chakula kingine.

Adesi: kikombe kimoja cha adesi nyekundu, uchambue vijiwe, uoshe mpaka maji yaache kutoka na weupe. Vikombe vitano vya maji, nusu kijiko cha chai cha manjano. Ikianza kutokota toa povu la juu, na baada ya dakika 15 hadi 20 adesi zinakuwa zimepasuka na kuwa uji. Pembeni kaanga kitunguu mpaka kigeuke rangi ya kahawia, tia thomu, kijiko cha chai cha bizari ya pilau iliyotwangwa na tungule moja, kisha mimina vyote juu ya adesi. Chumvi, ndimu na kotmiri ni vya mwisho. Usiharakishe tungule wala ndimu, kwani uchachu ukiingia mapema unachelewesha adesi kulainika.

Mchanganyiko: mbatata tatu, karoti mbili, robo ya kabichi, pilipili boga moja, tungule mbili, kitunguu na thomu. Kaanga kitunguu na thomu kwa mafuta kidogo, tia mbatata na karoti zilizokatwa ndogo na maji lita moja na nusu. Zikilainika, kama robo saa, ndipo kabichi, pilipili boga na tungule zinapoingia kwa dakika tano au saba. Kabichi iliyopikwa kupita kiasi inatoa harufu inayowafukuza watoto mezani, na haki wanayo.

Majimbi: nusu kilo ya majimbi, mafungu mawili ya mchicha. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya, au vaa mfuko, maana jimbi bichi linawasha. Kata, chemsha kwa maji ya chumvi mpaka kisu kipenye bila kubishiwa, mwaga maji hayo. Rudisha sufuria motoni na maji mapya au tui jepesi, kitunguu, thomu na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Ponda theluthi moja ya majimbi ili supu ishike uzito, yaliyobaki yaache vipande. Mchicha uliokatwakatwa unaingia mwisho, dakika tatu tu, kisha ndimu.

Viungo: kipi kipo bila kutoka nje?

Hapa ndipo supu hizi zinapoachana njia, na kwa baadhi ya nyumba mjadala utaishia hapa.

Adesi ni kitu cha duka la mtaani. Ndani ya kopo linalofunga vizuri zinakaa miezi, na kikombe kimoja kinalisha nyumba. Adui wake msimu huu ni unyevu: ukiziacha kwenye mfuko wa karatasi zinapata wadudu na harufu ya stoo. Ukiwa na adesi, kitunguu na ndimu, mvua inyeshe itakavyo.

Boga nalo ni mvumilivu, mradi ni zima, limekomaa na kikonyo chake kipo. Liweke juu ya kichanja au meza, pasipo na maji, litakaa wiki nyingi. Likishakatwa hadithi inabadilika. Bila friji una siku mbili tatu. Boga kubwa ni neema na mtihani kwa pamoja: nyumba ya watu wawili ikikata boga la kilo sita, jirani lazima apelekewe. Nazi visiwani haikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa juu ya mbuzi na kuikuna. Tui la kopo linafaa, ila ni zito, lizimue kwa maji na ulitie mwisho kama kasimile.

Mchanganyiko ndio unaotegemea bahari. Sehemu kubwa ya mbatata, karoti na kabichi tunazokula inatoka bara: mbatata za Njombe na Mbeya, kabichi na karoti za Lushoto. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, vyombo vidogo vinabaki bandarini, na siku ya pili ukifika Darajani au soko la Chake Chake hakuna haja ya kuuliza, kabichi iliyonyauka inauzwa kwa bei ya kabichi mbichi. Chagua mbatata ngumu zisizo na rangi ya kijani wala machipukizi. Yenye kijani kilichotapakaa itupwe, hapo pana sumu, na kupika hakuiondoi. Pamoja na hayo, supu hii ndiyo isiyo na masharti kuliko zote. Karoti hakuna? Mumunye upo. Mbatata zimepanda? Papai bichi lililomenywa na kukatwa vipande linashika nafasi yake vizuri kuliko watu wanavyodhani. Bamia mbili tatu zinaipa uzito. Anayeshikilia orodha ya viungo kama ilivyoandikwa ndiye atakayeshindwa nayo.

Majimbi ni mboga ya mwenye shamba. Yanapenda maji, na mabonde ya Pemba pamoja na upande wa magharibi wa Unguja yanayatoa bila shida; ukihitaji unachimba, yaliyobaki yanakaa ardhini yakikungoja. Mchicha wa nyuma ya nyumba nao unachipua kwa fujo mvua zikianza. Ukikaa maweni, Makunduchi, Jambiani au Paje, ardhi ni ya mawe na jimbi litakuja kwa gari kutoka kwengine. Huko badilisha kwa muhogo mtamu uliozoeleka kuliwa, uliomenywa na kuchemshwa mpaka ulainike kabisa. Muhogo mchungu usijaribiwe humu.

Moto na muda

Kwa gesi hesabu ni fupi. Adesi dakika 25 pamoja na kukaanga. Mchanganyiko nusu saa. Boga nusu saa ya motoni, ongeza kazi ya nazi. Majimbi karibu saa nzima kwa kuwa yanachemshwa mara mbili.

Kwa mkaa mambo yanageuka. Mkaa uliokaa barazani wakati wa mvua umerowa, unatoa cheche na moshi kabla haujashika, na pengine kuuwasha kunachukua muda mrefu kuliko kupika adesi zenyewe. Anayejua masika huweka makumbi na vifuu pakavu tangu Februari. Moto ukishashika vizuri, kuufungulia chungu cha dakika 20 ni hasara. Hapo majimbi yanapata haki yake, maana makaa yaleyale yanachemsha, yanapika, na yanabaki na joto la kuweka birika. Boga linaweza kuteleka juu ya mkaa bila wasiwasi hadi hatua ya kasimile. Hatua hiyo inataka moto mdogo, na seredani haina kitufe: changua makaa, funika yaliyobaki kwa majivu, ndipo umimine tui.

Jambo moja si la ladha. Mvua ikipiga upande mtu anavutika kuingiza seredani ndani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua watu waliolala. Pika penye hewa inayopita, hata kama utaroa bega moja, na usilale chumba kimoja na makaa.

Kuni mbichi? Mchanganyiko ndio unaovumilia moto unaopanda na kushuka. Adesi hazipendi kuachwa, zinashika chini ya sufuria ukigeuza mgongo. Boga lenye tui halipendi kabisa.

Shibe na afya

Adesi zinashinda kwa protini, na si kwa kidogo. Gramu 100 za adesi kavu zina protini ya gramu 24 hivi. Kikombe kimoja ni kama gramu 200, kwa hiyo kila mmoja wa wale wanne anapata karibu gramu 12 katika bakuli lake. Boga lina gramu moja tu kwa kila gramu 100, mbatata kama mbili, majimbi moja na nusu. Siku ambayo samaki hakuna, tofauti hiyo ina maana. Adesi zina madini ya chuma pia, na ndimu ile ya mwisho inausaidia mwili kuyachukua. Chai inafanya kinyume: ukiisindikiza supu kwa kikombe cha chai ya rangi, sehemu nzuri ya chuma inapotea bure. Najua kumwambia Mzanzibari aisogeze chai mbele saa moja ni kutafuta ugomvi, lakini mjamzito na mwenye upungufu wa damu wajaribu.

Boga lina rangi yake ya manjano kwa sababu. Ile ndiyo mwili unaigeuza vitamini A, na inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe. Tui linafanya kazi hiyo bila mtu kupanga. Wazee wetu walioweka boga na nazi chungu kimoja hawakusubiri maabara. Shibe yake ni nzito wakati wa kula na fupi baada yake. Saa mbili tu baadaye watoto wanazunguka kabatini. Wanaoogopa sukari waelewe kwamba boga, pamoja na utamu wake, lina wanga mchache kuliko mbatata au majimbi. Mafuta ya tui ndiyo mengi.

Mchanganyiko ni mwepesi. Una mboga za namna nyingi, maji mengi, mafuta machache, na njaa inarudi mapema usipokuwa na mkate. Hatari yake iko kwenye vidonge vya kutia ladha. Kwa kuwa supu yenyewe ni ya maji, mpishi anatia kimoja, anaonja, anatia cha pili, na chumvi imeshavuka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula tangu asubuhi. Kitunguu kilichokaangwa mpaka kahawia, punje za pilipili manga na mabua ya kotmiri yanatoa ladha ya kutosha.

Majimbi yanashibisha kuliko zote. Ni chakula kamili cha wanga, na mchicha unaleta chuma na vitamini. Bakuli moja la asubuhi linamfikisha mtu adhuhuri. Sharti lake ni kuiva: jimbi lisiloiva linakwaruza koo kwa sababu ya chembe za oksaleti zilizomo, na hakuna ndimu itakayoficha hilo. Wenye maradhi ya figo au mawe ya figo wamuulize daktari kwanza kuhusu majimbi na mchicha.

Walaji

Mtoto aliyefikisha miezi sita na kuanza kulishwa anapewa boga au adesi zilizopondwa, ukimtolea kabla ya chumvi na pilipili. Mzee asiye na meno anafaa na hizohizo. Adesi zinawajaza wengine gesi, hasa wasiozizoea. Tangawizi na bizari zinapunguza kero hiyo kidogo, na bakuli la kwanza liwe dogo.

Mwenye homa na asiyetaka kula hula mchanganyiko uliochujwa, yaani maji yake na vipande vichache vya karoti. Mwenye tumbo linaloendesha tui asipewe, na supu isichukue nafasi ya maji yenye chumvi za kurejesha maji mwilini (ORS) yanayotolewa vituo vya afya.

Watoto wa shule, ukiwauliza, watachagua boga kwa utamu wake. Mchicha wa majimbi watauchambua kwa vidole na kuupanga ukingoni mwa sahani. Wanaume wa nyumbani kwetu wanasema supu bila mfupa ni mchuzi uliokosa njia. Mbele yao weka adesi zilizokaangiwa kitunguu kingi, na pilipili ya kusaga, uone kama watasema tena.

Kuhusu kitu cha pembeni: adesi na boflo, au mkate wa ajemi uliochanwa na kuchovywa. Boga na chapati ya maji au mkate wa mofa, ambao uchachu wake unaukata utamu. Mchanganyiko unataka kitu kizito, chapati au wali uliolala. Majimbi hayahitaji mwenzi.

Kulala mpaka asubuhi

Masika joto limepungua kidogo na watu wanadhani chakula kitavumilia. Hakivumilii. Kanuni ya usalama ni chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwa motoni au kwenye baridi, na tui ndilo la kwanza kuasi. Boga lililotiwa kasimile saa mbili usiku, bila friji, asubuhi limechacha. Dawa ni rahisi: pika boga kwa maji badala ya tui jepesi, gawa sufuria kabla ya tui, tia kasimile kwenye sehemu inayoliwa sasa tu. Hata hivyo ile ya pili inataka baridi, na asubuhi ichemshwe mpaka itokote kabla ya kumaliziwa kwa tui jipya.

Adesi kwenye friji zinakaa siku tatu na zinazidi kuwa nzito. Ziongeze maji ukizipasha. Mchanganyiko unakaa siku mbili, ila mbatata zinavunjika na kabichi inakuwa laini mno. Majimbi ya maji yanafanana na adesi, majimbi ya tui yanafuata sheria ya boga, na mchicha uliopashwa mara ya pili unapoteza rangi na hamu. Utie mchicha mpya ukiweza.

Visiwa vyetu vimewahi kupigwa na kipindupindu misimu ya mvua, maji ya visima yakichanganyika na yasiyofaa. Supu iliyotokota ni salama. Hatari inarudi kwa mlango wa nyuma, kwa kotmiri mbichi na pilipili zilizooshwa kwa maji ambayo hayakuchemshwa, kisha zikanyunyizwa juu ya bakuli lililokwisha kuiva. Osha kwa maji yaliyochemshwa, au zitie sufuriani dakika ya mwisho moto ungali unawaka.

Kwa hali yako

Ukiwa peke yako chumba cha kupanga mjini, gesi ya mtungi mdogo na hakuna friji: adesi, nusu ya vipimo vya hapo juu. Mchanganyiko ni wa pili, siku uliyopita sokoni kabla mvua haijaanza.

Nyumba yenye watoto wengi na watu wa kusaidiana, mmoja kwenye mbuzi na mwengine akimenya: boga, mradi liliwe likaishe siku hiyohiyo. Kama ndilo chakula pekee cha usiku, tupia nusu kikombe cha adesi zichemke pamoja na boga tangu mwanzo. Protini inapanda, supu inashika uzito, na watoto hawatambui.

Uko shamba, Pemba au magharibi ya Unguja, na barabara imekatika: majimbi na mchicha. Viungo viko chini ya miguu yako, na moto wa kuni umeshawaka kwa ajili ya mambo mengine.

Umekaa maweni na pwani ya mashariki: muhogo badala ya majimbi, au adesi za dukani. Boga pia ukilipata zima, linunue hata kama hulihitaji leo.

Nyumbani kuna mwenye presha: mchanganyiko bila vidonge, au adesi zenye ndimu nyingi na chumvi chache. Mwenye kisukari anafaa na adesi pia, na mkate upunguzwe. Mjamzito, adesi au mchicha, pamoja na ndimu.

Una mgonjwa wa homa na wazima wenye njaa chini ya paa moja: pika mchanganyiko mkubwa. Mchujie mgonjwa maji yake kwanza, kisha rudisha sufuria motoni na adesi nusu kikombe zilizooshwa, robo saa au zaidi kidogo kwa kuwa tungule zimeshaingia, kwa ajili ya waliobaki.

Na kama tahadhari ya upepo imetangazwa leo na wewe bado uko njiani, hujafika nyumbani: nunua adesi nusu kilo, ndimu tano, vitunguu maji na boga moja lisilokatwa. Kabichi iache kwa wenye friji.